Kibaba cha Tano

Nina pishi ya mninga,
haipimi tena unga,
kwa kanga nimeifunga,
iko juu kabatini.

Ukiingiza kidole
chini, kwenye kiza kile,
utagusa tuta mle,
dogo, halionekani.

Bibi Mize kaligusa
akiwa na kumi hasa,
zama za rupia, pesa,
msimu, Konde shambani.

Mwaka huo zilizaa
karafuu, zikajaa,
ila vibarua, njaa
ililala majumbani.

Mama wa Mize hupima
shinani: ni kumi nzima;
kufika, zishasimama
kwa nane mle ghalani.

Mbili zimekwenda wapi?
Mwizi ni nani, ni yupi?
Njia yenyewe ni fupi,
haina hata jirani.

Wengine wakadakia:
"Ni pepo huzipitia,
shetani hutushukia
nasi tungali mitini."

"Ni yule nokoa Ame,
mkatili kama sime;
kila mtu na aseme,
kazificha kichakani."

Mize akamfuata;
siku tatu, hakupata.
Punje chini huokota
azirejeshe jamvini.

Jioni, aosha vyombo,
akawaza: "Kuna jambo;
pishi nayo ina tumbo!
Nani kaiona ndani?"

Ghalani akaingia,
mlinzi anasinzia,
kibaba kakifichia
cha mama yake, kangani.

Kamimina: moja, mbili,
tatu, nne... ndiyo kweli?
Pishi haijakubali,
mdomo wazi, hewani.

Cha tano kikaingia,
ndipo pishi katulia.
Pishi ni nne, dunia
yote yajua, sokoni.

Akapeleka kiganja
ndani, kaona kiwanja
kimechimbwa; palochanja
tezo, pana tuta chini.

Tezo isiyo na pengo
haiachi tuta. Lengo
likawa kusaka jengo
lenye tezo hiyo ndani.

Akarudi, ana njaa,
kwenye mbuzi akakaa
kukuna; akaduwaa:
tuta lile, ubaoni!

Mbuzi hiyo kaichonga
Kombo, asiyejivunga,
mjomba mpa karanga,
mla naye sahanini.

Hapo ndipo penye fumbo.
Kujua mwizi si jambo;
ila mwizi awe Kombo,
utasema kwake nini?

Pishi akaichukua,
mbele yake akatua.
Mjomba akainua
macho, kayatupa chini.

"Bwana wa shamba kalipa.
Rupia mbili kanipa
nichimbe; nami kwa pupa
nikachimba, pasi soni.

Sikujua kuwa shimo
nilochimba lina kimo
cha dada yangu; na humo
azama kila jioni."

Kesho, zamu ya kupima,
Kombo mbele kasimama,
kaweka, bila kusema,
kibaba hapo jamvini.

Kamimina moja moja.
Watu kimya, wakangoja.
Cha tano: ikawa hoja
hata kwa bwana kitini.

Ame, yule mkatili,
ndiye aliyekubali
kwanza kusema la kweli:
"Hii ni pipa, jamani!"

Je, wakalipwa? Sijui.
Bibi hapo hafungui
kinywa; hukuna, hatui,
nazi, macho mlangoni.

Kombo tezo kainoa,
pengo hakuliondoa;
alitaka, kila doa,
lijulike ni la nani.

Nawe ukija kwa chai,
ishushwe, haikatai
kuguswa. Ila sidai
jibu. Tia chanda ndani.